Nyumba imefungwa, ukuta unatoka jasho, tukuza inaliwa: nani anakaa humo?

#1 Asumini_Ngambo
Asalamu alaykum wanajamvi. Naomba akili zenu, zangu zimekwisha.

Mie niko Uingereza mwaka wa kumi na tisa huu. Nina nyumba Chukwani, Unguja: vyumba vitatu, tofali za saruji, paa la bati, kisima, na tangi juu ya mnara. Tumeijenga kidogo kidogo mimi na marehemu mume wangu, kila likizo chumba. Sasa iko tupu. Ufunguo anao mtoto wa khalati yangu. Huenda kila baada ya Ijumaa mbili akafungua madirisha, na mie namnunulia tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa simu ili pampu na taa ya nje zisikatike.

La kwanza, tokea masika ya mwaka huu ukuta wa chumba cha nyuma unatoka jasho. Juu mkavu, chini ndiko kubaya, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti. Rangi imevimba kama kaimati, ukiigusa inapasuka, na ndani yake mna unga mweupe unaong'aa kama sukari. Jirani yangu amejengewa na fundi yule yule, tofali zile zile, mwaka ule ule, na ukuta wake mzima. Tofauti ni kuwa yeye anakaa humo na watoto sita.

La pili, umeme. Friji nililichomoa mwenyewe nilipoondoka. Taa ya nje ni moja. Lakini kila mwezi yuniti 60 zinakwenda. Nikiuliza naambiwa "labda mita".

Na la tatu sikutaka kulisema. Nimetumiwa picha ya chooni nione bomba, na kwenye sinki upo mswaki wa buluu. Mie sina mswaki wa buluu.

Kwa nini nyumba iliyofungwa inaoza kuliko inayokaliwa? Na hizo yuniti 60 anakula nani?

#2 Daladala505
Ng'ambo ipi kwanza, ya Uingereza au ya Michenzani? Maana wapo wa Michenzani wana nyumba Chukwani na hawaendi kuziona mwaka mzima.

#3 KarafuuMbichi
Nyumba ni watu, bibie. Kwetu Wete, Pemba, nyumba ikifungwa mwaka mmoja mchwa wanaingia wanafanya maulidi. Moshi wa jiko, ufagio, mlango unafunguliwa unafungwa, ndivyo nyumba inavyoishi. Wewe umewaachia majini, wenyewe wasioonekana. Isomewe, ufukizwe ubani, halafu ndiyo uje kuuliza mita.

#4 FundiPopo
Dada Asumini, pole kwa marehemu. Mie fundi bomba, nimechimbua sakafu nyingi Mbweni, Chukwani na Mazizini. Hayo maswali yako ya ukuta na umeme mimi nayaona ni swali moja.

Choo chako kimepakana na chumba cha nyuma, siyo? Basi bomba linaloshuka kutoka tangini limepita ndani ya ukuta ule au chini ya sakafu yake. Kiungo kimoja kimelegea. Maji yanavuja kidogo kidogo, huyasikii wala huyaoni. Tangi linashuka, boya linashuka nalo, pampu inajiwasha, inajaza, inazima. Usiku kucha hivyo hivyo.

Piga hesabu. Pampu ya hosi pawa moja ni kama wati 750. Yuniti 60 zinaiendesha saa 80. Kwa siku ni saa mbili na dakika arubaini. Mtu mwengine humo hayumo. Anayekula umeme wako ni pampu, na anayeoga ni ukuta.

#5 Daladala505
Anayeoga ni ukuta 😂 fundi, hili umelitoa wapi.

#6 Mzee_Kofia
Fundi Popo ahsante kwa hesabu, ila umeruka jambo. Ule unga mweupe ni chumvi. Imetoka wapi?

Hapa Unguja mchanga wa kujengea ni tabu, machimbo yenyewe serikali inayadhibiti. Lori likitoka Pangatupu kule Donge, mpaka lifike Chukwani bei yake unaijua. Ndiyo watu wakawa wanaletewa usiku mchanga wa pwani, wa bei ya kuokota, tena mweupe unapendeza. Ukiutia kwenye tofali umejijengea chumvini. Chumvi inavuta unyevu wa hewani. Masika inarowa, kaskazi inakauka, ikikauka inavimba na kusukuma rangi. Kila mwaka vivyo hivyo mpaka tofali liwe unga.

Amwambie huyo mtoto wa khalati aulambe ukuta. Ukiwa na chumvi, ni mchanga.

#7 SatoWaMwanza
Habari wakuu. Swali dogo la mgeni, samahani kwa kukatisha. Mimi Mtanzania wa bara, napenda sana huko. Naweza kununua kiwanja Chukwani nikajenga? Na dada hapo juu ana pasi ya nchi gani?

#8 Asumini_Ngambo
Kalamba. Ni chumvi tupu. Anataka nimlipe.

#9 Mzee_Kofia
Nilisema.

#10 FundiPopo
Taratibu mzee wangu. Visima vya Chukwani maji yake ya magadi, ndiyo maana wenyeji wananunua ya kunywa. Bomba likivuja maji hayo miezi sita, ukuta utakuwa na ladha gani? Ya tende?

#11 Daladala505
Na upepo wa bahari una chumvi. Na jasho la fundi aliyejenga lina chumvi. Mmemlambisha mtoto wa watu ukuta bure.

#12 BaharZanj
Kuna mlichosahau nyote wawili. Nyumba ya jirani ina mchanga ule ule (ikiwa ni wa pwani) na upepo ule ule. Kwa nini yake nzima? Kwa sababu madirisha yake yako wazi tokea alfajiri. Nyumba ikifungwa hewa inalala. Asubuhi nje kumeshapata jua, ndani kuta bado za baridi, unyevu unazigandia kama glasi ya maji ya barafu. Wiki mbili hivyo, halafu mtu anakuja kufungua saa moja anaondoka. Saa moja haikaushi hata kanga.

#13 KarafuuMbichi
@BaharZanj watoto sita wanaoga, wanafua, mama anachemsha maharage tokea asubuhi. Huo mvuke wao hauzidi wa nyumba tupu? Kwa hesabu yako ya jirani ndiyo ingeoza kwanza.

#14 BaharZanj
Mvuke wao unatoka dirishani. Wa Asumini hauna pa kutokea.

#15 KarafuuMbichi
Sawa. Na mswaki?

#16 MamaWaFuoni
Jamani mnaniuma, maana mie ndiye mtoto wa khalati wa watu. Naangalia nyumba mbili za ndugu zangu walioko Canada, moja Fuoni moja Kiembesamaki. Nikuelezeni upande wa huku.

Nauli natoa mwenyewe. Ikianguka mvua napigiwa simu saa tisa za usiku, "nenda kaangalie bati", kwao jioni bado wanakula. Jirani akijenga uzio nusu mita ndani ya kiwanja, anayesimama kwa sheha kugombana ni mimi, na karatasi ya kiwanja iko kwenye sanduku huko Toronto. Ukiweka fundi, ukigeuka mgongo kaondoka na mfuko wa saruji. Ukimsema, anasema wewe ndiye uliyekula. Na huko wanaamini, kwa sababu fundi kawatumia picha.

Mswaki wa buluu mimi ningeuliza kwa upole. Mara nyengine fundi rangi analala pale kulinda vifaa vyake. Mara nyengine mimi mwenyewe nililala, tuligombana na baba watoto, nikakaa siku tatu, nikafagia nyumba nzima, na sikumwambia mtu. Mpaka leo.

#17 Daladala505
Umeshawaambia watu wote sasa mama.

#18 MamaWaFuoni
Hawasomi humu hao.

#19 Muscat_Jua
Dada Asumini, ukuta utapona. Niambie hati ya nyumba iko jina la nani.

Nauliza kwa sababu mie nimezaliwa Unguja, na huku Oman nina miaka 31. Hapa mgeni hanunui nyumba anapotaka. Mwaka 2006 sheria iliwafungulia wageni yale maeneo ya majengo ya kitalii, kwa bei zake. Nikasema bora nijenge kwetu. Sikuwa na likizo ya kufuatilia, kiwanja kikaandikwa jina la kaka yangu, na nyumba ikamalizika kwa pesa zangu mpaka kitasa cha mwisho.

Kaka akafariki. Mjane ana thumni yake (moja ya nane), watoto wana mafungu yao, yote ya haki. Mie niliyetuma pesa nimekaa kwenye kikao cha ukoo na mfuko wa risiti. Nikazitoa. Zile karatasi za mashine wino wake unafutika, nusu yake zilikuwa nyeupe. Mzee mmoja akaniuliza: una shahidi? Shahidi wangu ndiye tuliyemzika.

Nikienda Unguja sasa nafikia hotelini. Nyumba naiona nikipita na gari.

#20 BaharZanj
Allah akupe subira. Hili linatutosha.

#21 Wakili_wa_Barazani
(Mie si wakili, jina tu, msije mkanishtaki.)

@SatoWaMwanza namba 7: ardhi si jambo la Muungano. Bara mna sheria zenu za 1999, Zanzibar tuna Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilitangazwa mali ya Serikali, ndipo wazee wetu wakagaiwa zile eka tatu tatu. Kwa hiyo hata mimi mwenyeji siuzi udongo, ninacho ni haki ya kuutumia, na haki hiyo hupewa Mzanzibari. Nani Mzanzibari, kuna sheria yake ya 1985. Wewe wa bara kuwa na kitambulisho cha Taifa peke yake hakukufanyi kuwa Mzanzibari. Wasio Wazanzibari wanakwenda njia ya kukodishwa, muda wake hauzidi miaka 99, au wananunua fleti kwenye miradi iliyoruhusiwa, kama ile ya Fumba, chini ya sheria ya 2010 ya nyumba za ghorofa za pamoja.

Usije ukapewa kikaratasi na dalali barazani, ukadhani umeshanunua.

#22 SatoWaMwanza
Asante mkuu. Dalali ameshanipa kikaratasi.

#23 Daladala505
😂😂😂

#24 Asumini_Ngambo
Nimesoma namba 19 mara mbili, mikono inanitetemeka. Pole kaka Muscat.

Nijibu moja moja. Pasi yangu ya Uingereza, nilichukua kwa ajili ya kazi. Mwaka jana kuingia kwetu nimelipa viza dola 50 na bima ya wageni dola 44, nikasimama foleni na watalii wenye kofia za majani, na mama yangu yuko nje ya uwanja ananipungia. Hati ya nyumba iko jina la marehemu mume wangu. Yeye alibaki na pasi ya Tanzania kwa makusudi, alisema mmoja wetu abaki na mguu nyumbani.

#25 Daladala505
Pasi ya buluu, mswaki wa buluu. Mie sisemi kitu.

#26 MamaWaFuoni
Dada, mirathi imegawiwa?

#27 Asumini_Ngambo
Bado. Tulisema watoto wamalize skuli kwanza.

#28 Muscat_Jua
Basi tunazungumzia ukuta wa nyumba isiyokuwa yako peke yako. Una mtoto wa kiume? Na mama mkwe yupo hai?

#29 Asumini_Ngambo
Wa kiume mmoja, wa kike wawili. Mama mkwe yupo, Mkoani ya Pemba, Alhamdulillahi. Na shemeji yangu alikuwa Unguja Aprili.

#30 KarafuuMbichi
Aprili! Masika! Mambo yanaanza kunyooka.

#31 Wakili_wa_Barazani
Ukiwa na mtoto wa kiume, shemeji hana fungu. Mama wa marehemu ana sudusi yake (moja ya sita), wewe thumni, iliyobaki watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkaandikiwe, msiache mdomoni. Halafu Kamisheni ya Ardhi mkaulize habari ya jina na pasi zenu, kwa sababu Sheria ya Uraia ya 1995 haina uraia pacha kwa mtu mzima. Watoto wako nao wana pasi gani?

#32 Asumini_Ngambo
Za huku. Wote watatu.

#33 Wakili_wa_Barazani
Basi msichelewe. Wako watakaokwambia utanyang'anywa, wako watakaokwambia haina neno. Wote wa barazani kama mimi. Nenda na karatasi zote mkononi, uulize, na jibu uombe la maandishi.

#34 Mtoro_wa_Ilford
Nimechelewa uzi. Nyote mnasema kama vile huku Ulaya mtu anamiliki kweli. Mie nilinunua fleti London, nikafanya karamu, biriani ya watu thalathini. Baadaye ndipo nikasoma vizuri: jengo na ardhi ni vya mtu mwengine simjui, mie nimekodi miaka 125. Kila mwaka nalipa gharama za jengo, nalipa na kodi ya ardhi. Ile kodi ya ardhi wameifuta kwa mikataba mipya tokea Juni 2022, wangu wa zamani haumo. Kwa hiyo miaka 99 ya Fumba nikiisikia sicheki.

Na asiyekaa Uingereza akinunua nyumba huku England, tokea Aprili 2021 anaongezewa asilimia 2 juu ya ushuru wa kununulia. Kila nchi ina namna yake ya kukwambia wewe mgeni.

Halafu @Asumini, hiyo habari ya nyumba tupu, kampuni za bima za huku zinaijua zamani. Ukiiacha nyumba bila mtu siku 30, nyengine 60, bima inapunguza au inakataa kulipa maji yaliyovuja. Wao hawakusema majini. Wamesema maji.

#35 FundiPopo
Mwambie tena, kaka.

#36 Mzee_Kofia
Bima hawajui mchanga wa pwani.

Nirudi kwenye ukuta maana mmeshafika Ilford. Bi Asumini, usikubali fundi akakupakia lipu ya saruji nzito juu yake au kuubandika vigae. Hilo ndilo lililoua nyumba nyingi Mji Mkongwe. Mawe ya matumbawe na chokaa yanapumua: yanakunywa maji, yanayatoa. Ukiziba kwa saruji maji yanabaki ndani, yanapanda juu mpaka kwenye boriti za mikandaa, boriti zinaoza vichwani, siku moja dari linashuka. Mmeona Beit al-Ajaib ile aliyoijenga Sayyid Said, imesimama miaka yote kisha upande ukaanguka 2020.

#37 BaharZanj
Mzee, Beit al-Ajaib ni ya Barghash, 1883. Sayyid Said alishafariki 1856. Na ilianguka Disemba 25, 2020, ikiwa katika matengenezo, watu wawili walifariki. Usiitie kwenye hesabu ya lipu ya saruji, ilikuwa na maradhi mengi ya zamani.

#38 Mzee_Kofia
Barghash, sawa, ulimi umeteleza. Chokaa nimesema kweli lakini.

#39 BaharZanj
Chokaa kweli. Ila nyumba ya Asumini ni ya tofali za saruji, hajajenga Shangani.

#40 Daladala505
Mie nina nadharia yangu ya umeme, hamjaniuliza. Umeme wetu unatoka bara chini ya bahari, unapanda unashuka. Mnakumbuka 2008 tulivyokaa giza miezi mitatu? Tokea hapo mita zimechanganyikiwa.

#41 KarafuuMbichi
Muongo. 2008 ilikuwa mwezi mmoja, Mei mpaka Juni. Miezi mitatu ni ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa Unguja kwa dada yangu, tukateka maji kwa ndoo kwani pampu zote zilikuwa zimekufa. Pemba tulipata waya wetu kutoka Tanga 2010, na nyie mkapata ule mkubwa wa kufikia Fumba 2013. Mita za tukuza za leo na giza lile hazijuani.

#42 Daladala505
Sawa mwalimu. Lakini unapanda unashuka.

#43 FundiPopo
Kupanda na kushuka kunachoma mota ya pampu, hakuli yuniti. Tuache hayo. Dada Asumini, fanya hivi: zima pampu siku saba kwenye swichi yake. Tangi lijae kwanza. Mtoto wa khalati aweke alama ya chaki pale maji yalipofika, asome na mita. Baada ya siku saba asome tena vyote viwili. Tangi likishuka na hakuna aliyefungua bomba, nimeshinda.

#44 KarafuuMbichi
Na mimi nitoe hesabu yangu, kumbe hesabu si yako peke yako. Friji dogo ni yuniti moja na kitu kwa siku, mwezi utafika 42. Feni ya wati 60 saa kumi kila usiku, mwezi ni 18. Jumla? 60. Mtu mmoja, friji moja, feni moja, mswaki mmoja.

#45 Daladala505
Mpemba na hesabu usimchezee.

#46 Asumini_Ngambo
Friji nimelichomoa mimi!

#47 KarafuuMbichi
Na mkono mwengine hauwezi kulichomeka?

#48 Asumini_Ngambo
(siku tisa baadaye)
Nimerudi. Kwanza mnaoniombea dua ahsanteni, wanaoniuliza bei ya nyumba siuzi.

Pampu imezimwa Jumamosi mpaka Jumamosi. Tangi limeshuka karibu nusu. Lakini jirani kakiri kuwa bomba la nje watoto wake huteka, maji ya bomba kwake hayatoki kila siku, na wiki hii wameteka ndoo kadhaa. Hajui ngapi. Anasema huteka tokea mwaka juzi, na mume wangu ndiye aliyemruhusu, Mungu amrehemu. Hilo nalijua ni kweli, ndivyo alivyokuwa.

Mita: yuniti 9 wiki nzima, badala ya kama 14 tulizozizoea. Ukuta umekauka kidogo juu, chini bado. Lakini mtoto wa khalati alifuata ushauri wa BaharZanj, kafungua madirisha kila siku na kauwekea feni mchana na usiku. Na mvua haikunyesha hata tone, kipupwe hiki.

#49 FundiPopo
Feni ya wati 60 siku saba bila kuzimwa ni yuniti 10. Basi feni na taa ya nje wamezila zote 9, feni yako haifiki hata hizo wati. Pampu ilipozimwa hakuna kingine kilichokula. Ushahidi gani mwengine mnautaka?

#50 BaharZanj
Au ukuta umekauka kwa hewa, kama nilivyosema namba 12.

#51 Mzee_Kofia
Masika ijayo mtaniita. Chumvi haiendi popote.

#52 MamaWaFuoni
Nami nimeelewa kwa nini ukuta wa jirani mzima na wako unaumwa. Ndoo zinajazwa nyumbani kwako, maji yanamwagikia kwenye msingi wako. Bomba la nje liko upande upi?

#53 Asumini_Ngambo
Nyuma. Nyuma ya chumba kile kile.

#54 FundiPopo
…

#55 Daladala505
Fundi kanyamaza, mpigieni picha.

#56 FundiPopo
Sijanyamaza. Watoto sita na ndoo zao nao ni pampu ile ile inayowajazia. Yuniti ni za pampu, nani anakunywa maji ni habari nyengine. Na bomba la chini ya sakafu bado halijachimbuliwa. Dada, nitafute nije.

#57 Muscat_Jua
Wakfu mmekwenda?

#58 Asumini_Ngambo
Nimemwandikia mama mkwe barua kwanza, kwa mkono, kapelekewa Mkoani. Kwenye simu nilishindwa kuanza. Tiketi nimekata ya Disemba, nitakwenda na watoto wote watatu na karatasi zote.

#59 KarafuuMbichi
Safari njema. Lakini mnajifanya mmesahau. Friji limechomekwa au halijachomekwa? Na mswaki?

#60 Asumini_Ngambo
Friji limechomolewa, ila mlango wake umeachwa wazi kidogo na ndani hamna vumbi.

Nimemwambia aende chooni apige picha nyengine, pembe ile ile. Kaipiga. Mswaki haupo.